Donge, si Ugandishaji Damu

Kijitabu kimoja cha istilahi za afya kinachozunguka mikononi mwa wafasiri kinataka thrombosi, yaani maradhi ya damu kuganda ndani ya mshipa, iitwe "ugandishaji damu". Nimelisoma pendekezo hilo nikilitafutia heri, sikuiona. Kiambishi -ish- kinadai mtendeshaji: mama hugandisha maziwa, friji hugandisha maji. Ndugu wa mgonjwa wa UVIKO-19 akiambiwa kwamba mgonjwa wake amefikwa na ugandishaji damu, ana haki ya kuuliza ni nani aliyemgandisha. Wanakamati wa kijitabu hicho waliokaa, wakajadili na kupitisha neno hilo walipaswa kulisikia swali hili kabla ya kupiga muhuri.

"Kuganda kwa damu", tulilozoea redioni, lina nafuu, lakini nalo halifai. Kuganda ni kazi njema ya damu. Kisu kikikata kidole, chembe sahani hukusanyika, fibrini hutanda nyuzi, damu ikaganda, mtu akasalimika. Mwenye himofilia hutaabika kwa sababu damu yake haigandi ipasavyo. Tunawezaje kuyaita maradhi kwa jina lile lile la uponaji? Hasara yake tuliiona Machi 2021, nchi kadhaa za Ulaya ziliposimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca. Habari zikasema "kuganda kwa damu", na maneno hayo hayo ndiyo yaliyokuwa yakitumika kueleza wanayoyafanya virusi vyenyewe mwilini. Msikilizaji angetenganishaje? Tatizo la chanjo lilikuwa nadra sana, likitokana na kinga ya mwili kuziamsha chembe sahani za mwili wenyewe. La virusi lilikuwa jambo la kila siku wodini: huko Uholanzi, kati ya wagonjwa 184 waliolazwa katika vyumba vya uangalizi mahututi mwaka 2020, asilimia 31 walipata matatizo ya aina hii, na mengi yalikuwa mapafuni.

Neno ninalolitetea ni donge. Nimelitetea tangu zamani, na sitaliacha kwa sababu jopo fulani lililiweka kando kwa hoja moja tu, kwamba ni la mitaani. Mitaani ndiko wanakotoka wagonjwa.

Tuanzie mbali. Kwa Wagiriki wa kale, thrombos lilikuwa donge la kitu kilichoganda, la damu au la maziwa. Ni jina la kitu chenyewe kilichokwisha kufanyika, kinachoweza kushikwa na kuonekana. Halikuwa jina la mwendo wa kuganda. Rudolf Virchow, tabibu wa Ujerumani, alipolichukua katikati ya karne ya 19 na kulipa maana ya kisasa, alikuwa akipasua maiti na kuyaona madonge kwa macho yake ndani ya mishipa. Utatu unaoitwa kwa jina lake unaeleza yanavyozaliwa: damu kupoteza mwendo, utando wa ndani wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda kupita kiasi. UVIKO-19 mkali huleta yote matatu kwa pamoja, kwa maana mgonjwa amelala siku nyingi, utando umewaka kwa uvimbe, na fibrinojeni imepanda.

Sasa tazama Kiswahili. Donge ni kitu kilichoshikamana kikawa kimoja: donge la unga, donge la uzi, donge la ugali kiganjani. Lina mtoto wake, kidonge, na hakuna zahanati isiyomjua. Mwenye kinyongo ana donge rohoni, limemkaa, haliteremki wala halitoki. Mpinzani wangu mmoja alidai kwamba maana hiyo ya chuki inalichafua neno. Kwangu ndiyo inayolitakasa, kwa kuwa Mswahili alikwisha kuliona donge kuwa kitu kinachokaa njiani na kuziba. Thrombosi ni nini zaidi ya hayo?

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito zaidi, nami naiheshimu. Katika UVIKO-19 kuna madonge madogo mno, ya kwenye kapilari za mapafu. Uchunguzi wa maiti uliochapishwa mwaka 2020 ulilinganisha mapafu ya watu 7 waliokufa kwa UVIKO-19 na ya wengine 7 waliokufa kwa influenza, ukakuta ya kwanza yana madonge hayo mara 9 zaidi. Tukiyaita "vidonge vya damu", mjamzito atadhani ni vile anavyopewa kliniki vya kuongeza damu. Basi tusiyaite hivyo. "Madonge madogo" yanatosha, na Kiswahili hakijawahi kuona haya kutumia kivumishi.

"Mgandomshipa", linalopendwa na baadhi ya wahariri, nalikataa kabisa. Mshipa huweza kuwa wa damu au wa fahamu, na mtu wa pwani akisema fulani ana mshipa, anamaanisha ngiri au busha. Huko ni kumpeleka mgonjwa wa mapafu kwa daktari asiye wake.

Donge likimeguka, likasafirishwa na damu na kukwama kwingine, Virchow aliliita embolus, kutoka neno la Kigiriki la kitu kinachopachikwa ndani kama kabari. Hapo sina ugomvi na wanaosema kizibo, ilimradi wasilitumie kwa donge ambalo bado liko pale lilipozaliwa. Donge la mguu likisafiri hadi pafuni huwa kizibo cha pafu. Tofauti hiyo ni ya uhai na kifo, na "ugandishaji damu" hauwezi kuibeba.

Kuhusu matumizi, sina mengi. Kuganda kubaki kwa kidonda. Heparini iitwe dawa ya kuzuia madonge. "Dawa ya kulainisha damu" lifutwe, maana damu hailainiki. Na bango la wodi liandikwe hivi: "Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata ghafla, mwite muuguzi papo hapo, huenda ni donge."