Mtoto Njiti na Kifua cha Mama

Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia twamwita njiti. Halii kwa nguvu, wala hajui bado kunyonya na kumeza kwa pamoja. Basi mama humtazama kwa hofu, na jirani humwambia asimzoee. Hapo ndipo penye hatari, nayo imekwisha kuonekana zamani.

Huko Paris, karibu na mwaka 1880, daktari Stéphane Tarnier alianza kuwaweka watoto kama hao katika sanduku la joto. Wengi walipona ambao wangalikufa. Lakini mama alikwenda zake, mtoto akabaki sandukuni. Pierre Budin, mwanafunzi wa Tarnier, akaandika mwaka 1900 kwamba mama asiyemnyonyesha wala kumtunza mwanawe upesi hupoa moyo, hata wengine huwaacha kabisa. Akataka akina mama waingie, wanyonyeshe. Neno lake, kwa maoni yetu, lilistahili kusikiwa zaidi. Hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliendelea kumweka mama nje ya kioo hata baada ya mwaka 1960, kwa kuogopa maradhi.

Dawa ilitoka penye upungufu. Mwaka 1978, mjini Bogotá nchini Kolombia, masanduku hayakutosha. Edgar Rey Sanabria akawaagiza akina mama wawabebe watoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Mwaka 1988, katika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, Nils Bergman na mkunga Agneta Jürisoo walifanya vivyo hivyo: katika watoto wa chini ya kilo moja na nusu, waliopona walikuwa 10 katika mia, wakawa 50. Hata Muhimbili, Dar es Salaam, ilishiriki katika uchunguzi wa nchi tano uliotangazwa mwaka 2021. Watoto wa kilo moja hadi karibu 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa pungufu kwa robo nzima katika mwezi wa kwanza.

Kwetu Singida mbeleko ya mgongoni twaijua tangu kale. Hii ya kifuani bado ni ngeni kwa wengi, na usiku wa Julai una baridi kali. Mama hukamua maziwa, akamnywesha mtoto kidogo kidogo kwa kikombe, naye akimsikia akipumua kifuani pake, ile hofu hupungua siku kwa siku. Akichoka, bibi au baba hushika zamu. Wanaume wengine huona haya kufungua shati. Lakini ngozi ya baba nayo ina joto.