Ncha za Mawe za Meksiko ya Kale: Ginsi ya Kuzitambua

Wako watu wanaosema ya kwamba taifa lisilo na maandiko halina historia. Neno hilo si kweli, na inchi ya Meksiko inalikanusha wazi. Zamani sana, mbele ya Waazteki na Wamaya, wawindaji walikaa kule wasiandike hata herufi moja. Walituachia ncha za mawe za mikuki yao. Lakini jiwe halisemi lenyewe. Yatupasa kulihoji, kama hakimu anavyomuhoji shahidi. Tuliulize maneno mane.

Kwanza, ni jiwe gani? Ncha nyingi ni za obsidiani, yaani kioo cheusi kinachotoka katika milima ya moto. Obsidiani ya Pachuca ina rangi ya kijani, nayo imeonekana hata Tikal, mbali sana, katika inchi ya Wamaya. Leo wataalamu wanaipima kwa miali ya X na kujua mulima ilipotoka. Hata hivyo hilo latuonyesha njia ya jiwe tu, si kabila la fundi aliyelichonga.

Pili, kitako chake ni cha namna gani? Pale ndipo ncha ilipofungwa katika muti. Ncha ikivunjika, muwindaji aliichonga tena, ikawa fupi; lakini kitako hakikubadilika sana. Basi tuanze na kitako.

Tatu, ukubwa wake. Watu wa kale walirusha mikuki yao kwa kijiti kiitwacho atlatl. Upinde ulifika nyuma sana, na ncha za mishale ni ndogo na nyepesi. Walakini tujihazari: Wahispania walipofika mwaka wa 1519, Waazteki walitumia silaha zote mbili.

Nne, nalo ndilo kubwa: ilipatikana wapi, na pamoja na nini? Katika mwaka wa 1952, kule Santa Isabel Iztapan, Aveleyra na wenzake walikuta vyombo vya mawe katikati ya mifupa ya mamuti, tembo wa kale aliyekwisha kutoweka. Mwaka wa 1954 walimukuta wa pili. Ncha za pahali pale pawili hazikufanana umbo. Basi umbo moja si taifa moja, na umbo peke yake halitoshi kutaja miaka. Kaboni 14 inapima mifupa na makaa, haipimi jiwe. Jiwe linapata umri wake kutoka kwa majirani zake katika udongo.

Kwa sababu hiyo, yule anayechimbua ncha usiku ili aiuze anatenda ubaya kuliko mwizi wa kawaida. Mali ya mwizi yaweza kurudishwa; lakini ncha iliyokwisha kutengwa na udongo wake, hata ikirudishwa, imekuwa bubu. Na wale wawindaji hawakuwa na kitabu kingine.