Mguu Ulitangulia, Bei Ikafuata

Jioni ya tarehe 10 Septemba 1960, wakimbiaji wa marathoni ya Olimpiki waliondoka katikati ya Roma wakijua kwamba giza lingewakuta njiani. Barabara ya kale ya Appia ilimulikwa na mienge mikononi mwa askari waliojipanga kandokando, na wa kwanza kutokeza kwenye Tao la Konstantino alikuwa Abebe Bikila, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, akiwa hana kitu miguuni. Alitumia saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wowote uliokuwa umeandikwa hadi siku hiyo. Mwenzake Abebe Wakgira, naye miguu mitupu, alimaliza wa saba. Tangu hapo kila panapozuka ubishi kuhusu bei ya viatu vya kukimbilia, Bikila huitwa kutoa ushahidi: ikiwa Mhabeshi yule alishinda dunia pekupeku, ya nini kumlipa mwenye duka mshahara wa mwezi mzima? Wanaomwita hukatiza ushahidi wake njiani. Miaka minne baadaye, Tokyo, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Bikila huyohuyo alishinda tena, safari hii akiwa na viatu na soksi, na akapunguza muda wake kwa dakika tatu na ushee. Na hata kule Roma hakuvikataa viatu kwa falsafa. Jozi alizopatiwa hazikumkaa vizuri, na miguu yake ilikwisha kuzoea mazoezi bila kiatu.

Ubishi huu haumaliziki kwa sababu maswali mawili yamefungwa katika kifurushi kimoja. La kwanza ni kama kiatu ghali kinaukinga mwili na majeraha. La pili, kama kinaongeza mwendo. Historia ya kiatu cha kukimbilia, ikisomwa taratibu, inatoa majibu mawili yanayopingana: ulinzi ulioahidiwa kwa bei kubwa haujathibitishwa hadi leo, ilhali kasi, ambayo kwa miongo mingi bei haikuinunua, sasa inauzwa dukani kweli. Wanaosema fedha haina kazi miguuni walikuwa sahihi kwa muda mrefu sana. Nadhani tangu mwaka 2017 wamekuwa sahihi nusu.

Kabla ya miaka ya 1960 swali la bei halikuwa na uzito, kwa kuwa viatu vyenyewe vilikuwa vya aina chache. Kulikuwa na raba za turubai zenye soli ya mpira, na kulikuwa na viatu vya ngozi vyenye misumari vilivyoshonwa na mafundi kama ndugu wawili wa ukoo wa Dassler katika mji wa Herzogenaurach, Ujerumani, ambao kazi yao ilivaliwa na Jesse Owens Berlin mwaka 1936. Ndugu hao waligombana, na ugomvi wao ukazaa Puma na Adidas. Katika Afrika Mashariki ya wakoloni hata uchaguzi huo mdogo haukuwafikia wengi. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony waliingia uwanja wa White City, London, wakakimbia pekupeku dhidi ya Waingereza, na Maiyoro akashika nafasi ya tatu katika mbio za maili tatu, nyuma ya watu wawili waliovunja rekodi ya dunia siku hiyo. Jambo hili limegeuzwa ngano ya kupendeza kuhusu nyayo za Kiafrika, lakini ukweli wake ni mkavu zaidi: hawakuviacha viatu nyumbani kwa kuvidharau. Mtoto wa nyanda za juu aliyekwenda shule kwa mguu na kurudi kwa mguu alikuwa na unyayo mgumu kwa sababu hakuna aliyemnunulia kitu cha kuulinda, na waliopata raba walizivaa bila kujiuliza kama zinapunguza ukali wa mguu. Umaskini ulifanya kazi ambayo baadaye ilipewa jina la mbinu.

Mambo yalibadilika pale Marekani, na hayakubadilishwa na mabingwa. Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, alizuru New Zealand mwaka 1962 akaona wazee na akina mama wakikimbia polepole kwa ajili ya afya, kile ambacho Watanzania wanakiita mchakamchaka. Aliporudi akaandika pamoja na daktari mmoja kitabu kilichouzwa sana mwaka 1967, na pamoja na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, akajenga kampuni iliyokuja kuitwa Nike. Hadithi ya Bowerman kumimina mpira wa urethani kwenye chuma cha mkewe cha kukaangia mikate ya waffle ili apate soli yenye vinundu husimuliwa kila mahali, lakini kwa hoja yetu soli ile si kitu. Kitu ni mnunuzi mpya. Mwanariadha wa zamani alikuwa kijana mwepesi aliyekimbia kwa miaka mingi kabla ya kushindana. Mnunuzi mpya alikuwa karani mwenye miaka 45 na kitambi, aliyeanza wiki iliyopita, na goti lilimuuma. Hakuhitaji kuahidiwa medali. Alihitaji kuahidiwa kwamba hataumia. Viatu vikanenepa kisigino, vikatiwa mito ya hewa, vikatiwa vizuizi vya kuuzuia mguu usilale ndani. Duka likaanza kusema lugha ya hospitali: wewe unyayo wako ni bapa, wewe unakanyaga vibaya, dawa yako ni jozi ile ya juu kabisa. Na kama ilivyo kwa dawa, mteja alichukulia kwamba ya bei kubwa ndiyo inayoponya.

Wataalamu walipoanza kupima ahadi hiyo waliikuta haina mizizi. Watafiti wa Dundee, Uskoti, walichukua viatu vya kampuni tatu katika madaraja matatu ya bei, kutoka takribani pauni 40 hadi 75, na katika ripoti yao ya mwaka 2007 vile vya bei ya chini vilipunguza kishindo cha unyayo sawa na vya bei ya juu, na wavaaji hawakuona tofauti ya starehe. Mwaka 2009 madaktari wa Australia walipekua machapisho yote kutafuta jaribio la kisayansi lililoonyesha kwamba viatu vya kisigino kinene na vya kusahihisha mguu hupunguza majeraha. Hawakupata hata moja. Majeshi ya Marekani, ambayo yana vijana wengi wa kukimbizwa kwa amri, yaligawa viatu kwa makundi ya askari kulingana na umbo la unyayo na kuwapa wengine aina moja tu bila kujali umbo. Kiwango cha kuumia hakikutofautiana kwa namna ya maana. Hapa mtetezi wa kiatu ghali ana jibu la haki, nalo linatoka Luxembourg: mwaka 2020 watafiti walichapisha jaribio la wakimbiaji 848 waliofuatiliwa miezi sita, na waliovaa soli ngumu waliumia zaidi kuliko waliovaa soli laini. Kwa hiyo ulaini una faida. Lakini viatu vya jaribio lile vilitengenezwa makusudi vikafanana kwa kila kitu isipokuwa ugumu wa soli, bei haikuwamo. Sponji laini si siri ya kampuni yoyote, na unaipata kwenye raba ya kawaida iliyokaa vizuri mguuni. Wanaosoma utafiti huo kama ruhusa ya kupandisha bei wanauza kisichoandikwa mle.

Kosa la upande wa pili lilikuwa la kuchekesha zaidi. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature ushahidi, sehemu yake ukiwa umekusanywa Bonde la Ufa nchini Kenya, kwamba waliozoea kukimbia bila viatu hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu na hivyo kukwepa kishindo cha ghafla cha kisigino. Ugunduzi ulikuwa wa kweli na wenye mipaka, ila ulikuta vuguvugu la pekupeku limekwisha kupamba moto Marekani, na bidhaa yake ikiwa dukani tayari: viatu vyembamba vyenye vidole vitano kama glavu, vilivyouzwa kwa makumi ya dola ili mvaaji ajione hana viatu. Mwaka 2014 kampuni iliyovitengeneza ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai walidanganywa kuhusu faida za kiafya. Mkulima wa Nandi angeweza kuwapa mafunzo hayo bure. Tena, watafiti wa Colorado walipowalinganisha wakimbiaji mwaka 2012, kukimbia pekupeku hakukuokoa nguvu kuliko kuvaa kiatu chepesi chenye sponji kidogo. Kinachomchosha mkimbiaji ni uzito: kila gramu 100 mguuni hugharimu takribani asilimia moja ya nguvu. Kiatu chepesi wakati huo hakikuwa lazima kiwe ghali.

Basi hadi katikati ya muongo uliopita hesabu ilikuwa nyepesi. Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Berlin mwaka 2015 kwa saa 2:04:00 huku vitambaa vya ndani ya viatu vyake vikiwa vimechomoka na kupepea nje ya vifundo. Kiatu kilimharibikia naye akashinda. Bingwa na kiatu vilikuwa mambo mawili. Halafu mwaka 2017 Nike ikaleta Vaporfly, kiatu cha dola 250 chenye povu jepesi linalorudisha nguvu ya mkanyago na bamba la kaboni ndani yake, na maabara ya Colorado ikapima kwamba kinaokoa wastani wa asilimia 4 ya nguvu. Rekodi zilianguka kama maembe ya msimu. Rekodi ya wanawake ya Paula Radcliffe, saa 2:15:25, ilikuwa imesimama tangu 2003. Brigid Kosgei aliivunja Chicago mwaka 2019 kwa saa 2:14:04, yaani haraka kuliko Bikila wa Roma kwa zaidi ya dakika nzima, na mwaka 2023 Tigist Assefa wa Ethiopia akaiteremsha Berlin hadi 2:11:53 akiwa na kiatu cha Adidas chenye gramu 138, bei yake dola 500, kilichoundwa kwa ajili ya marathoni moja tu. Mtu anaweza kusema mazoezi, lishe na fedha za zawadi vimeboreka pia, na ni kweli. Anaweza kuongeza kwamba viatu hivi havimfai kila mguu: vipimo vya Wakenya saba wa kiwango cha dunia, vilivyochapishwa 2023, vilionyesha kwamba mmoja aliokoa zaidi ya asilimia 11 na mwingine akapoteza karibu kiasi hichohicho. Lakini mbio zinazoamuliwa kwa sekunde kumi hazihitaji wastani wa asilimia 4. Nusu yake inatosha kumtoa mtu jukwaani.

Kwa hiyo yule anayetoka alfajiri na kikundi cha mchakamchaka Dar es Salaam au Mombasa hana deni kwa mtu yeyote. Raba ya mtumba isiyombana na isiyoisha soli upande mmoja itamtosha, na fedha inayobaki ina kazi nyumbani. Mwenye tabu ni mwingine: kijana wa Iten au Mbulu asiye na mkataba, anayekimbia kwa kutafuta zawadi itakayolipa kodi ya chumba. Babu zake wa riadha waliingia uwanjani pekupeku na wakashindana sawa, kwa sababu kiatu cha Mwingereza hakikumpa Mwingereza kitu kikubwa. Yeye anasimama kwenye mstari karibu na mtu aliyepewa bure jozi ambayo yeye hawezi kuinunua, na mara nyingi anasubiri mwenye mkataba aichoshe ndipo ampe au amuuzie. Waogeleaji walikutana na jambo kama hili, na shirikisho lao likayapiga marufuku mavazi ya plastiki yaliyowabeba majini kuanzia mwaka 2010. Riadha iliamua njia nyingine. Mwishoni mwa Januari 2020 World Athletics ilitangaza kwamba soli isizidi unene wa milimita 40, bamba liwe moja tu, na kiatu kiwe kimekaa madukani miezi minne kabla ya mashindano ili yeyote aweze kukinunua. Kuhusu bei, kanuni haikusema neno.