Mkanada Anapofariki, Washington Inadai

Mtu anaweza kuzaliwa Hamilton, Ontario, akafanya kazi hapo hapo hadi kustaafu, akazikwa hapo hapo, asilale Marekani hata usiku mmoja. Na bado wanawe wakatakiwa kupeleka hesabu za mirathi yake Washington. Kisa ni hisa. Kwa sheria ya Marekani, hisa ya kampuni iliyoundwa huko ni mali iliyoko huko, hata kama dalali aliyeinunua yuko Toronto na imewekwa ndani ya RRSP, akaunti ya akiba ya uzeeni. Mali za aina hiyo zikizidi dola 60,000 za Marekani siku ya kifo, warithi wana miezi 9 ya kujaza fomu 706-NA.

Wakanada wengi hushtuka, na wana sababu. Kwao kodi ya mirathi ilishazikwa zamani. Ontario ilianza kuwatoza warithi mwaka 1892; serikali ya shirikisho ikaingia 1941, vita vikiwa vimepamba moto. Mwisho wa 1971 Ottawa ikaifuta kodi yake na kuweka utaratibu mwingine: marehemu huhesabiwa kwamba ameuza mali zake kabla tu ya kukata roho, na faida hutozwa kodi ya mapato. Majimbo nayo yakajitoa moja baada ya jingine, Quebec ikiwa ya mwisho, mwaka 1985. Marekani, iliyoanza kutoza 1916, iliendelea.

Hapo ndipo watu walipoumia. Mkataba wa zamani wa kodi ya mirathi kati ya majirani hawa ulikoma kwa vifo vya baada ya 1984. Miaka minne baadaye Marekani ikapandisha kiwango cha juu kwa wageni kutoka asilimia 30 hadi 55. Watoto wa marehemu wakawa wanalipa Ottawa kwa ajili ya faida na Washington kwa ajili ya urithi, juu ya hisa zile zile. Nafuu ilikuja na itifaki iliyosainiwa Machi 17, 1995: Mkanada apewe sehemu ya nafuu ya raia wa Marekani, kwa kadiri ya fungu la utajiri wake lililoko huko. Hata familia zilizofiwa tangu Novemba 1988 ziliruhusiwa kudai kurudishiwa.

Wakati huo wenye kuguswa walikuwa wachache, kwa kuwa Kanada yenyewe ilizuia akiba za uzeeni zisitoke. Tangu 1971 ni asilimia 10 tu ya RRSP iliyoruhusiwa kuwekezwa nje. Ikafika 20 mwaka 1994 na 30 mwaka 2001. Aliyetaka teknolojia alibaki na chaguo chache za nyumbani, na kubwa kuliko zote ilikuwa Nortel. Katikati ya mwaka 2000 kampuni hiyo peke yake ilibeba zaidi ya theluthi moja ya fahirisi ya TSE 300 ya soko la hisa la Toronto, hisa moja ikifika dola 124.50 za Kanada. Mwaka 2002 ilishuka chini ya dola moja. Januari 2009 Nortel ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ukuta uliowekwa kulinda uchumi uliwabana wastaafu kwenye kapu moja.

Bajeti ya 2005 iliubomoa ukuta huo, na akiba zikaelekea kusini.

Chukua familia yenye mali ya dola milioni 2 za Marekani, 200,000 kati yake zikiwa hisa za Marekani, yaani sehemu ya kumi. Kodi ya awali juu ya 200,000 ni 54,800. Mwaka 2001 nafuu yao ingekuwa 22,055, na salio wangelilipa. Mwaka 2025 nafuu ilifika 554,180, hivyo hawadaiwi hata senti. Lakini ili waipate, lazima waorodheshe kila alichoacha marehemu popote duniani: nyumba ya Hamilton, kibanda cha ziwani, fedha za benki, bima ya maisha aliyoimiliki, wakiwa bado matangani.