Kikapu cha wiki katika nchi ya ng'ombe

Aliyeipa mboga ya sukuma wiki jina lake alijua hesabu za mshahara: fungu moja, kitunguu, nyanya mbili, na nyumba inasogea hadi siku ya malipo. Kitengela, mji wa Kajiado, sasa ina nyumba zinazolichukulia jina hilo kwa maana nyingine. Mboga zao huja mara moja kwa wiki, moja kwa moja kutoka shamba la familia, zikiwa ndani ya kreti inayorudishwa na mwenye bodaboda wiki inayofuata.

Mtindo huu una wazazi wa mbali. Huko Japani, akina mama walioogopa dawa za kuulia wadudu walianza kupatana na wakulima wawalimie chakula safi, nao wakaahidi kununua kila kitakachovunwa. Mpango huo uliitwa teikei, na mwaka 1971 ukapata mlezi, Chama cha Kilimo-hai cha Japani. Marekani ilianza mwaka 1986 kwa mashamba mawili, Indian Line la Massachusetts na Temple-Wilton la New Hampshire. Huko mteja hulipia fungu lake la msimu kabla ya mbegu kuota. Mvua ya mawe ikiharibu nyanya, hasara ni ya wote.

Kitengela si mahali ambapo mtu angetafuta bustani. Ilikuwa malisho ya Wamaasai, na nyumbu waliipitia wakitoka Mbuga ya Nairobi. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ranchi za kikundi. Ile ya Kitengela, yenye hekta zaidi ya 18,000, ikagawanywa mwaka 1988 kwa wanachama zaidi ya 200. Kisha viwanda vya EPZ, vya bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, vikafunguliwa jirani, Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Shamba likawa ploti, ploti ikawa ghorofa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu wapatao 58,000 mjini. Ya 2019, zaidi ya 154,000.

Watu hao wote wanakula mboga, na udongo wa hapa ni ule mweusi unaonata kwenye gambuti wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi. Ndiyo maana nyanya na vitunguu vingi vya Kajiado hutoka mbali, Loitokitok na Kimana, kwenye chemchemi za Kilimanjaro. Anayelima karibu na mji huanza na maji kabla ya jembe: kisima, bwawa lililotandikwa nailoni, mipira ya matone. Halafu ua, kwa sababu mbuzi wa jirani hajui mpaka, wala pundamilia.

Vikapu vya mboga-hai kutoka Limuru na Tigoni vilizoea kuelekea Nairobi, kwa wenye nacho. Mambo mawili ya mwaka 2007 yaliwarahisishia kazi hata wakulima wadogo: nembo ya Kilimohai, inayotambulika Afrika Mashariki nzima, na M-Pesa, iliyomwezesha mteja kulipa bila kuonana na mkulima. Kundi la WhatsApp likaja baadaye na kugeuka daftari la oda.

Tarehe 6 Aprili 2020 serikali ilifunga mipaka ya jiji la Nairobi kwa sababu ya korona, na Kitengela ikajikuta ndani ya kizuizi pamoja na Rongai, Kiserian na Ngong. Isinya ikabaki nje. Mzigo wa chakula uliruhusiwa kupita, abiria hapana, hadi mwezi Julai. Kwa mkulima wa upande wa pili, oda iliyokwisha kulipiwa ilikuwa na uhakika kuliko safari ya sokoni.

Hata hivyo, sharti la kulipia msimu mzima limekuwa gumu kushika hapa. Mama mboga amewazoesha watu kinyume chake: yeye ndiye anayekopesha, anaandika kwenye kijitabu na kungoja mwisho wa mwezi, tena sukuma anakukatia palepale. Mkulima wa kikapu anaomba mteja ndiye amkopeshe. Wengi hukubaliana kulipana wiki kwa wiki.

Nyanya zikiungua, mkulima hutuma ujumbe asubuhi: leo hakuna nyanya, nimeongeza managu na kunde. Wateja wengine hujibu sawa. Wengine huomba wapunguziwe bei, kisha humtuma mtoto kibandani akalete nyanya za mia.