Mteguko wa shingo: jina, jeraha na fidia

Katika England na Wales, shingo iliyoumia kwenye ajali ya gari ina bei iliyoandikwa. Kanuni zilizoanza kutumika tarehe 31 Mei 2021, chini ya Sheria ya Dhima ya Madai ya mwaka 2018, zilipanga malipo kwa kufuata muda wa maumivu. Aliyepona ndani ya miezi 3 alipangiwa pauni 240. Aliyeumwa zaidi ya miezi 3 lakini si zaidi ya 6, pauni 495. Aliyevuka mwaka mzima na kupona kabla ya miezi 15 kwisha, pauni 2,040, na ngazi ya juu kabisa, ya miezi 18 hadi 24, ilikuwa pauni 4,215. Kwa ajali za kuanzia tarehe 31 Mei 2025 viwango hivyo vimepandishwa kwa takriban asilimia 15.

Jeraha hilo Waingereza huliita whiplash, na Kiswahili hakijalipatia jina lililotulia. Wapo wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi London na Birmingham, wanaoendesha teksi na kupanda mabasi ya huko, na siku wakigongwa kwa nyuma hujikuta mbele ya daktari wakieleza shingo yao kupitia kinywa cha mkalimani. Mkalimani akikosa neno, atabuni papo hapo. Na neno lililobuniwa papo hapo ndilo litakaloingia kwenye ripoti ambayo bima itaipitia mstari kwa mstari.

Jina la Kiingereza lenyewe lilianza kwa ajali ya maneno. Mwaka 1928 daktari wa mifupa wa Marekani, Harold Crowe, alilitumia mbele ya madaktari wenzake mjini San Francisco kueleza namna kichwa kinavyorushwa gari linapogongwa: kinakwenda kama ncha ya mjeledi. Alikuwa anaeleza mwendo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1964, alisikitika hadharani kwamba madaktari, wagonjwa na mawakili walikuwa wamelichukua jina la mwendo wakaligeuza kuwa jina la ugonjwa. Masikitiko hayo ndiyo yanayopaswa kumwongoza yeyote anayetaka kulileta neno hili kwa Kiswahili. Sisi bado tuna nafasi ya kuchagua, na hakuna sababu ya kurithi kosa ambalo Crowe mwenyewe alilikana.

Tuangalie kwanza kinachotokea mwilini. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinausukuma mgongo mbele, lakini kichwa, chenye uzito wa karibu kilo 5, kinabaki nyuma kwa muda mfupi sana. Ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde shingo yenye pingili 7 inajipinda kama herufi S: pingili za chini zinalazwa nyuma huku za juu zikiinama mbele. Ndipo kichwa kinapotupwa nyuma, kisha mbele. Misuli haijapata nafasi ya kujikaza kujilinda. Kinachoumia mara nyingi ni tishu laini, yaani misuli, kano na viungo vidogo vinavyounganisha pingili, na hizo hazionekani kwenye eksirei. Mtu anashuka garini akiwa mzima, anapeana namba za simu na aliyemgonga, anarudi nyumbani. Kesho yake asubuhi shingo haigeuki.

Mwaka 1995 kikosi cha wataalamu wa Quebec, nchini Kanada, kiliyapanga matatizo haya kwa madaraja ambayo bado yanatumika. Daraja la kwanza ni maumivu na kukaza bila dalili ambayo daktari anaweza kuipima. La pili, daktari anaona kwamba shingo haizunguki ipasavyo au inauma pale inapobonyezwa. La tatu lina dalili za neva: ganzi, mkono kukosa nguvu. La nne ni mfupa kuvunjika au kuhama. Mipaka ya madaraja haya ndiyo mizani ya kupimia kila neno la Kiswahili linalopendekezwa.

Pendekezo la kwanza linalomjia mtafsiri ni “jeraha la mjeledi”. Liondolewe. Mswahili akilisikia anafikiria mtu aliyechapwa, na kwenye hospitali ambayo pia inapokea wakimbizi walioteswa, kosa hilo si la kuchekwa. Daktari anaweza kufungua faili la mateso kwa mtu aliyegongwa kwenye taa za barabarani.

La pili ni “mshtuko wa shingo”. Hili linasikika zuri, na limekaribia sana usemi wa watu. Mtu aliyenyanyua ndoo vibaya husema amejishtua mgongo, na mshtuo wa mguu unajulikana. Tatizo liko kwenye herufi moja. Mshtuo ni wa msuli. Mshtuko ni wa moyo na akili. Mteja anasema “nilipata mshtuo wa shingo”, mkalimani anasikia mshtuko, ripoti inaandika kwamba mdai alishtuka kisaikolojia. Kanuni za 2021 zina safu mbili za malipo, moja ya jeraha la mwili peke yake na nyingine ya jeraha pamoja na athari ndogo za kisaikolojia. Kwa maumivu yasiyozidi miezi 3, tofauti ilikuwa pauni 240 dhidi ya 260. Pauni 20 ni kidogo, lakini hatari si pauni hizo. Chini ya kifungu cha 57 cha sheria ya mahakama ya mwaka 2015, mdai anayeonekana kukosa uaminifu katika jambo la msingi anaweza kufutiwa dai lote, hata sehemu ambayo ni ya kweli. Mwanamke aliyeandikiwa kwamba alipata mshtuko wa akili, kisha akaulizwa kuhusu huo mshtuko na kujibu kwamba hakuwahi kuupata, anaonekana amebadilisha maneno. Hakubadilisha chochote.

Pendekezo langu ni mteguko wa shingo. Kuteguka kunajulikana kuanzia viwanja vya mpira hadi jikoni: kifundo kimeteguka, kiwiko kimeteguka, mtu hatembei vizuri lakini hajavunjika. Neno linataja kilichoumia na namna kilivyoumia, na halisemi lolote kuhusu mjeledi wala gari. Lina udhaifu wake, na ni haki kuutaja. Wapo wanaotumia kuteguka kwa kiungo kilichotoka mahali pake, jambo ambalo wengine hulitofautisha kwa kusema kutenguka, na hilo lingemrusha mgonjwa kutoka daraja la pili hadi la nne la Quebec. Kwa hiyo katika hati ya dai neno lisikae peke yake. Liandikwe “mteguko wa shingo, yaani jeraha la misuli na kano bila mfupa kuvunjika wala kuhama”. Ni refu, lakini ripoti ya daktari si bango la dukani.

Upana wa sheria nao unahitaji uangalifu. Ile sheria ya 2018 inalieleza jeraha hili kuwa ni la tishu laini za shingo, mgongo au bega. Mtu ambaye bega ndilo linalomsumbua, shingo ikiwa nzima, bado yumo ndani ya jedwali la bei. Mkalimani anayeshikilia neno shingo peke yake anaweza kumfanya mteja asilitaje bega. Na goti lililogonga dashibodi limo nje ya jedwali; Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua mwezi Machi 2024 kwamba jeraha la namna hiyo hupimwa kwa njia ya kawaida, kisha hujumlishwa na malipo ya jedwali, na jumla ikapunguzwa pale tu maumivu yanapoingiliana. Asiyelitaja goti mapema anajipunja mwenyewe.

Kuna neno jingine dogo ambalo lina uzito kuliko istilahi yenyewe. Kwa kuwa bei inafuata miezi, swali kubwa la daktari ni hili: maumivu yaliisha lini? Mdai anajibu, “Baada ya miezi mitano yalipoa.” Kupoa si kupona. Maumivu yaliyopoa yametulia, lakini yanaweza kuwa bado yapo, yanaamka akigeuza kichwa kutazama gari la nyuma au akilalia upande mmoja. Mkalimani akiandika kupona, dai limeangukia ngazi ya miezi 3 hadi 6. Kama maumivu hayo yalikwisha kabisa mwezi wa 14, kwa viwango vya 2021 pauni 495 zimechukua nafasi ya 2,040 kwa sababu ya herufi moja. Ndiyo maana ripoti isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla mdai hajaikubali. Bima hairuhusiwi kumaliza dai la namna hii kabla ya ripoti ya daktari kupatikana, kwa hiyo hakuna anayepaswa kukubali fedha za haraka zinazotolewa kwa simu wiki ya kwanza.

Neno fidia nalo lina jirani wa kuchunga. Katika vyombo vya habari vya Kenya utasikia pia mtu amelipwa ridhaa, kwa maana ya fidia. Kwa Mtanzania ridhaa ni kukubali kwa hiari. Weka karatasi iliyoandikwa “ridhaa” mbele ya Mtanzania, na atadhani anakubali kupimwa tu, kumbe ni hati ya kupokea malipo na kufunga madai. Katika hati zitakazosomwa na watu wa pande zote mbili, fidia itumike kwa malipo, na kukubali kuandikwe kuwa kukubali.

Afrika Mashariki haina jedwali la bei kama lile. Hakimu wa Kenya hutazama kesi zilizotangulia zenye majeraha yanayofanana, na mara nyingi hukumu husema majeraha ya tishu laini bila kuhangaika na mjeledi. Bima ya lazima ya Kenya ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Tanzania wenye magari huzungumzia bima ndogo na bima kubwa. Hata ile ndogo ipo kwa ajili ya mtu wa nje aliyeumizwa na gari hilo. Muda wa kufungua kesi ya namna hii ni miaka 3 kwa Kenya, Tanzania na England.

Jedwali la Uingereza halimhusu aliyekuwa juu ya pikipiki. Huko wapanda pikipiki ni wachache wakilinganishwa na wenye magari. Kwetu ni umma mzima wa bodaboda. Hii ni sababu nyingine ya kulifunga jina kwenye mwili na kulitenga na sheria ya nchi yoyote. Abiria wa bodaboda anayegongwa kwa nyuma na gari mjini Mwanza amepata mteguko wa shingo uleule wa dereva wa Birmingham. Aombe fomu ya polisi ya PF3 siku hiyohiyo, hata kama shingo bado inageuka, na siku itakapokaza arudi kwa daktari aandike mahali panapouma, upande usiogeuka, na kama kuna ganzi mkononi.