Jina Linalorudi Katika Nasaba



Injili ya Mathayo inaanza kwa orodha ndefu ya majina. Wengi wetu huipita upesi ili tufike kwenye kuzaliwa kwa Yezu. Lakini tukiisoma polepole tunaona jambo la ajabu. Yosefu, mume wa Maria, ni mwana wa Yakobo. Karne nyingi kabla yake, katika kitabu cha Mwanzo, yuko Yosefu mwingine, naye pia ni mwana wa Yakobo. Wote wawili walipata maono katika ndoto, na wote wawili walifika Misri. Tena katika Luka, sura ya tatu, Mathati mwana wa Lawi anatajwa mara mbili, kila mmoja katika kizazi chake. Wazee wa Israeli hawakuona haya kulirudia jina. Kwao jina lililorudi lilikuwa njia ya kukumbuka.

Sisi Wanande wa Beni, Butembo na Lubero tunalifahamu jambo hili kuliko wengi, ingawa kwetu jina hurudi kwa sababu nyingine. Desturi yetu humpa mtoto jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika. Ndugu zetu Wakonzo, ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, wanafuata utaratibu huohuo: Baluku, Bwambale, Masereka, Kule, Thembo. Mpaka uliochorwa na wakoloni uliwagawa watu, lakini haukuyagawa majina.

Kwa hiyo, ukiandika nasaba ya ukoo wa Kinande, utamkuta Kambale aliyezaliwa na Paluku, aliyezaliwa na Kambale. Jina hilo halisemi kwamba mjukuu amerithi tabia ya babu. Linasema: huyu ana mkubwa wake, na huenda ana wadogo zake, hakuja duniani peke yake. Ni jina linalomfundisha mtu mahali pake nyumbani kabla hajajua kusema.

Wamisionari Waasumpsionisti walifika katika nchi yetu mwaka 1929. Ubatizo ulipoenea, kila Kambale alipata jina la pili: Petro, Yohane, Agustino. Jina la kwanza lilimwonyesha nafasi yake kati ya ndugu. La pili lilimwonyesha kwamba Mungu amemwita yeye mwenyewe. Baada ya muda hata majina ya ubatizo yalianza kurudi: mjukuu akabatizwa kwa jina la babu yake, na familia ikajipatia uzi mwingine wa kuunganisha vizazi.

Uzi huo ulitaka kukatwa. Mwaka 1972, serikali ya Mobutu, katika siasa yake ya kurudia uasili, ilipiga marufuku majina ya Kikristo yenye asili ya kigeni. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mimi nilianza shule ya msingi katika miaka hiyo. Mwalimu alipoita «Kambale!», tulisimama wavulana watano. Akaongeza jina la baba, na bado wawili tulibaki tumesimama. Jina lililoweza kututenganisha lilikuwa lile la ubatizo, na hilo halikuruhusiwa kuandikwa katika daftari la shule. Mama alilitumia nyumbani, jioni, mlango ukiwa umefungwa. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jina linaweza kulindwa kama moto chini ya majivu.

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani tu. Tangu Oktoba 2014, mauaji yameandama vijiji vya eneo la Beni. Nimewahi kusoma orodha ya marehemu kabla ya Misa ya kuwaombea. Majina yalifanana mno. Baada ya Misa mama mmoja alinijia, akaniuliza: «Mwalimu, yule Kasereka uliyemtaja, ni wa nani?» Sikuweza kumjibu, kwa maana aliyeiandika orodha hakuandika jina la ubatizo wala la mzazi. Mama yule alikwenda zake bila kujua kama alie au ashukuru. Tangu siku ile sijaandika jina la mtu nusu.

Turudi kwa Luka. Majirani walitaka mtoto wa Elizabeti aitwe Zakaria kama baba yake. Mama akakataa: ataitwa Yohane. Wakashangaa, kwa kuwa hakuna wa ukoo wao aliyekuwa na jina hilo. Naye Zakaria akaomba kibao, akaandika, na ulimi wake ukafunguliwa. Je, Mungu aliidharau nasaba? Hapana. Yohane alibaki mwana wa Zakaria, wa ukoo wa makuhani. Lakini alipewa jina jipya kwa sababu alipewa kazi mpya. Mkristo anahitaji yote mawili: jina linalomfunga kwa waliomtangulia, na wito usiofanana na wa mwingine. Anayetupa la kwanza hujiona kana kwamba ameanguka kutoka angani. Anayesahau la pili huishi maisha ya babu yake, wala si yake.

Wazee wanaoikumbuka miaka ya mwanzo wanapungua kila mwaka, na vita vimewatawanya wengine mbali na makaburi ya wazazi wao. Chukueni daftari mwezi huu. Kwa kila babu na bibi andikeni jina la kuzaliwa, jina la ubatizo, jina la msimamizi wake wa ubatizo na mahali alipozikwa. Msingoje kesho.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:

1. Ni nani katika ukoo wako aliyelibeba jina lako kabla yako, nawe unajua nini juu ya imani yake?

2. Siku utakapompa mtoto jina, utataka likumbushe nini?

3. Katika parokia yetu, ni marehemu gani ambao majina yao hayajaandikwa kikamilifu, nasi tufanye nini?